Santuri za baba: tumefika Upande wa B

Kazi ya kusafisha santuri za baba inaendelea hapa Katuba, ingawa vumbi la kiangazi cha Lubumbashi halina huruma. Unafuta asubuhi, jioni diski ni nyekundu tena. Zile za vinili naziosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, brashi laini ikifuata mifereji kwa mzunguko, kidole gumba kikikinga karatasi ya katikati isilowe. Zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika sizipaki alkoholi kamwe: ni za sheleki, utomvu mgumu uliotumika kabla ya vinili, na alkoholi huiyeyusha.

Inayochezwa zaidi nyumbani kwa sasa ni Azda, wimbo wa Franco na bendi yake OK Jazz, wa 1973. Ni tangazo la wauza magari ya Volkswagen, hakuna la zaidi, lakini hebu sikiliza wanavyolirudia jina la gari mpaka unajikuta unaitikia ukiwa jikoni. Diski ndogo haikutosha kubeba wimbo mrefu, ndiyo maana nyimbo nyingi za enzi hizo zilikatwa vipande viwili. Upande wa A unazimika taratibu, unainuka, unageuza, unashusha sindano, magitaa yanaendelea. Mdogo wangu anataka niunganishe pande zote mbili kwenye kompyuta, ziwe faili moja la simu. Nimemkatalia. Pale pa kugeuza ndipo watu wanapomalizia maneno, wanajaza glasi, wanatafuta wa kucheza naye. Ukipaziba, umebaki na wimbo mrefu tu.

Docteur Nico, yule mpiga gitaa, naye namcheza pale tu umeme wa kawaida unapokuwapo. Mota ya pikapu yangu, yaani mashine ya kupigia santuri, inafuata mapigo ya umeme, kwa hiyo jenereta ikilemewa, sahani inazunguka polepole na gitaa lake linashuka. Ni dhambi kumsikiliza Nico hivyo.

Kiporo kikubwa ni Masanga, wimbo wa Mwenda Jean-Bosco. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi 1952 kule Jadotville, yaani Likasi ya leo: gitaa moja, kidole gumba kikishika besi huku cha shahada kikichezea juu, na anaimba Kiswahili chetu. Kwangu mimi hiyo inazidi rumba yote ya Kinshasa, na wajomba zangu wakasirike wakipenda. Tatizo ni sindano. Mifereji ya 78 ni mipana, inataka ncha ya karibu milimita 0.076, ya vinili ni nyembamba mno, inazama chini kabisa na kuokota mikwaruzo.

Nimemuuliza fundi mmoja mzee pale soko la Kenya.

“Papa, sindano ya 78 utanipatia?”

“Mwanangu, leta kwanza kichwa cha pikapu nikione. Sindano si msumari.”

Nakipeleka Jumamosi. Mpaka hapo Mwenda anakaa kwenye bahasha yake, amesimama wima, maana sheleki ukiilaza chini ya mzigo inapasuka.