Jinsi nilivyozuia biti ya CNC isivuke mpaka

Karakana yetu iko Mabatini hapa Mwanza, tunachonga milango ya mninga kwa mashine ya CNC, inayokata kwa kuongozwa na kompyuta. Biti (kisu chake kinachozunguka) ya milimita 6 ilikuwa inakula fremu inayozunguka ua lililochongwa mlangoni, milimita 3 kila upande. Mchoro ulikuwa sahihi, na sifuri ya mashine (mahali inapoanzia kupima) pia.

Hiyo 3 ndiyo iliyonipa jibu: ni nusu ya kipenyo cha biti. Programu ilikuwa inazuia kitovu cha biti tu. Kitovu kinagota kwenye mstari wa mpaka, huku nusu ya biti ikiendelea kukata nje yake. Nikaingia kwenye mipangilio ya mpaka, nikatoa "kitovu juu ya mpaka", nikaweka "biti ndani ya mpaka", nikaongeza milimita 0.2 za kuondolewa na msasa baadaye. Fremu ikatoka safi, ukingo wake mkali kabisa.

Ila ujue, mahali pembamba kuliko biti patarukwa, na kona za ndani zitabaki na mviringo. Hizo nilizimalizia kwa biti ya milimita 2. Klampu zinazoshika ubao nazo zinahitaji uangalizi wake: mara nyingi mpaka huo unabana ukataji tu, si safari za biti ikiwa juu, kwa hiyo pandisha kimo cha usalama kizizidi.