Siku moja kazini, Ngome ya Spandau

Saa 3:00 asubuhi. Nashuka treni kituo cha Zitadelle, Berlin, navuka daraja. Handaki linaloizunguka ngome limejaa maji ya mto Havel, bata wameshaamka. Ngome hii ilijengwa kuanzia 1559 hadi 1594 kwa ajili ya vita. Leo wanaonitangulia getini ni wasanii waliopanga studio humu.

Saa 4:00. Tunafungua makumbusho. Watoto wa shule wanakimbilia Juliusturm, mnara wa karne ya 13. Dola ya Ujerumani iliweka humo dhahabu ya mark milioni 120 (mark ni fedha ya Ujerumani ya wakati huo), tangu 1874 hadi 1919. Kila kundi huuliza kama imebaki hata kidogo.

Saa 6:00 mchana. Nawapeleka kwenye mawe ya makaburi ya Wayahudi. Wayahudi walifukuzwa Brandenburg, eneo lililotawala Spandau, mwaka 1510, makaburi yao Spandau yakavunjwa, mawe yakatumika kujengea kuta hizi. La zamani kabisa ni la 1244. Hapa simharakishi mtu. Msichana mmoja anataka kujua nani alikubali kuyajenga ukutani, na swali lake namwachia mwalimu alijibu pamoja na darasa zima.

Saa 8:00. Zamu ya ukumbi wa sanamu zilizoondolewa mitaani Berlin. Kichwa cha Lenin, kiongozi wa mapinduzi ya Urusi, kimelazwa ubavu, tani 3.5 za mawe. Sanamu nzima ilikuwa na mita 19. Ilizinduliwa Berlin Mashariki 1970, ikaanza kubomolewa 1991, ikazikwa msituni. Kichwa kilifukuliwa 2015. Kugusa kunaruhusiwa, na hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote humu. Mzee asiyeona anapapasa ndevu, pua, paji la uso, polepole, mkewe amemshika kiwiko. "Sikio la pili liko wapi?" Namwambia limelaliwa. Anacheka, anarudi kuanza upya kidevuni. Kwangu mimi, bora sanamu ilale hapa watu waishike na kubishana kuliko kuifukia tena.

Saa 11:00 jioni. Tunafunga. Binti yangu yuko darasa la sanaa la vijana, humuhumu ngomeni. Anafinyanga popo, maana maelfu yao hulala kwenye vyumba vya giza vya ngome yetu wakati wa baridi. Mabawa yamekatika mara mbili. Kesho atayajaribu kwa waya ndani.