Walikula, au walinusa tu?

Wiki nzima nimetembea na swali la mama. Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimepanda nalo daladala ya Uyole alfajiri vioo vikiwa vimeziba kwa ukungu. Wakaguzi wamekuja kazini na kuondoka, kaka amepeleka mahari Makambako na imepokelewa, mashine ya kupangia parachichi imeharibika na imetengenezwa, na katika yote hayo mimi nilikuwa namsikia mama tu, ameinamia beseni la ndizi: "Sasa walikula, au walinusa tu?"

Nilishuka Tukuyu Jumapili kama kawaida. Nje manyunyu, jikoni moshi, mama anamenya mbalaga, mimi nimekaa kwenye kigoda na lile kaunta buku langu la michoro ya kulifufua jengo la maonyesho la Horizons. Ninyi wenzangu mnalijua. Mama miaka yote ameniona nachora akadhani ni kazi za ofisi. Siku hiyo akauliza, "Unachora nini, mwanangu?" Nilifurahi sana. Pale nyumbani hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

Nikamweleza tangu mwanzo, taratibu, maana nilitaka aelewe. Kwamba Marekani, jimbo la Florida, ndani ya bustani ya burudani inayoitwa EPCOT, palikuwa na jengo lililofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1983, bustani yenyewe ikitimiza mwaka mmoja. Unakaa kwenye kigari cha watu wanne kinachoning'inia kwenye reli iliyo juu, kinakupitisha ubavu ubavu mbele ya mandhari zilizojengwa, zenye sanamu zinazojongea na kuongea. Kwanza unaona watu wa zamani walivyoota habari za kesho, kuanzia enzi za Jules Verne. Halafu unaingia kwenye hiyo kesho yenyewe: shamba katikati ya jangwa, mji chini ya bahari, makazi yanayoelea angani. Mwishoni mnaulizwa mnataka kurudi kwa njia ipi kati ya hizo tatu, mnabonyeza vitufe, na kila kigari kinapata filamu waliyoichagua waliomo.

Mama alisikiliza vizuri. Alichopenda kuliko vyote ni kwamba wanaosimulia safari nzima ni babu na bibi, na wanaoonekana huko jangwani na baharini ni watoto na wajukuu zao. "Kumbe hata huko mbele wazee wapo," akasema, akacheka. Nikapata nguvu. Nikamfikisha kwenye jangwa, mahali ninapopapenda mimi. Nikamwambia kuna roboti zinazovuna machungwa, na mwanamke mmoja amekaa anaziongoza, na kigari kikifika hapo harufu ya machungwa inakupiga usoni. Watu waliopita pale wakiwa watoto, leo wana wajukuu, bado wanaitaja hiyo harufu kabla ya kitu kingine chochote.

"Harufu kabisa?"

"Kabisa, mama. Ni ya kutengeneza, lakini unaisikia."

Kisu kikasimama. "Sasa walikula, au walinusa tu?"

"Walinusa tu. Ni maonyesho, mama."

"Sawa, mwanangu."

Akaendelea kumenya.

Zile "sawa" za mama nazijua. Ipo ya kukubali, inayokuja na kutikisa kichwa. Ipo nyingine anayompa mnunuzi wa parachichi aliyekuja na bei yake mfukoni, ambaye hata ukimweleza habari za mbolea na wabebaji haongezi hata shilingi; hapo mama husema sawa, akageuka. Niliyopewa mimi ni hiyo ya mnunuzi. Nimeirudia kichwani mpaka sijui tena kama ndivyo ilivyosikika. Labda alikuwa amechoka. Labda moshi ulimwingia macho. Lakini kisu kilisimama, hilo nina hakika nalo, kisha kikaendelea kwa haraka kuliko mwanzo.

Kilichoniuma ni kwamba jengo lenyewe halipo. Lilifungwa tarehe 9 Januari 1999. Kampuni ya General Electric, waliokuwa wanalifadhili, walikwisha jitoa mwaka 1993, na jengo halikupata mfadhili mwingine. Mwaka 2000 likabomolewa, na kiwanja kikapewa safari nyingine ya burudani, Mission: SPACE, iliyofunguliwa 2003. Mle ndani, kwenye foleni, kuna gurudumu kubwa ambalo katikati yake wamebandika nembo ya Horizons. Basi, kumbukumbu ndiyo hiyo. Mimi sijawahi kukanyaga Florida. Ninachokijua nimekipata kwenye video walizochukua wageni kwa kamera za mkononi, nyingine giza tupu mpaka unasikia sauti kuliko unavyoona. Nikiona watu duniani kote wanachora namna ya kulirudisha, kila mtu na wazo lake, najisikia nina ndugu. Na nilitaka mama awe mmoja wao, angalau kwa nusu saa ya kumenya ndizi.

Nililipenda jengo hili kwa sababu ya mwisho wake. Karibu na kumaliza safari kuna sherehe ya kuzaliwa ya mtoto. Ndugu wametawanyika, huyu bahari, yule anga, na wote wanatokea pale kwa picha za mwanga, wanaimba pamoja. Walilijenga hilo 1983! Sisi mwaka huu tumepokelewa mahari Makambako huku mjomba yuko Tunduma kwenye foleni ya malori, shangazi yuko Dar, na simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai ili wote wawili waone. Shangazi alipiga vigelegele mpaka spika ikakwaruza. Nikiangalia ile sherehe ya kwenye video naiona familia yetu, na bibi yuko katikati, hajasogezwa pembeni.

Kwa hiyo nikikutana na mawazo ya kulifufua kwa skrini tupu, nakataa. Nayaona mengi. Mmoja anataka ukumbi wa mviringo wenye picha juu, chini na pembeni. Mwingine anataka uvae miwani ukiwa nyumbani kwako na usafiri hivyo hivyo ukiwa kwenye sofa. Skrini kubwa zilikuwepo hata mwanzo, zile mbili unazopita katikati ya safari, na zilikuwa nzuri. Lakini baada ya hapo ulikuwa unaingia mahali. Kuna udongo, kuna miti, kuna umbali kati yako na yule mwanamke anayeongoza roboti. Ukiondoa mahali, harufu utaipuliza kwenye nini?

Nilikuwa nimeshaandika hivyo kwenye daftari Jumatano usiku, kwa hasira kidogo, nikafunga, nikalala.

Alhamisi mama akapiga. Tuliongea habari za mahari, nani alikaa wapi, nani hakuletewa soda. Tukaongea mbolea ya ruzuku. Nikadhani tumemaliza, nimeshasema usiku mwema, ndipo akauliza, "Na yale machungwa umeyafanyaje?"

Nikamuuliza machungwa yapi.

"Ya kule kwenye daftari lako. Wape, mwanangu. Hata kipande kipande. Mtu akishasikia harufu ya chakula kwako umeshamkaribisha, huwezi kumwacha apite."

Kumbe alikuwa nalo na yeye! Siku zote hizo mimi naichambua ile "sawa", yeye yuko shambani anafikiria wageni wa Florida waliopita kwenye machungwa ya watu wakaondoka mikono mitupu. Alikuwa ameuliza kama mkulima. Anachuma parachichi za Hass, ile aina ya kuuza nje, ambazo wanaozila kwanza ni watu wa Ulaya, na zile za kienyeji ndizo tunazopaka kwenye mkate sisi. Alitaka kujua kama katika hiyo kesho ninayoichora mtu aliyefika shambani anapewa kitu.

Basi nimechora upya. Nimechora tangu Alhamisi ileile mpaka sasa, vidole vina baridi na sijali.

Kigari kinapita jangwani kama zamani, sanamu zipo, mwanamke wa roboti yupo, harufu ipo. Halafu ukuta unafunguka na unaingia kwenye kitalu nyumba cha kweli, chenye michungwa ya kweli. Hili si jambo la ndoto, maana EPCOT hiyohiyo wanalo tayari: kuna safari ya mashua inayopita ndani ya vitalu vyao, ipo tangu bustani ilipofunguliwa 1982, mimea mingine mizizi inaning'inia hewani bila udongo, na mavuno yanakwenda kwenye migahawa ya humohumo. Mimi nimeunganisha tu vitu viwili ambavyo vilikuwa majirani bila kukutana.

Na ile kura ya mwisho nimeiacha ilivyo, ila sasa mnapiga kura kwa tumbo pia. Mkichagua jangwa, mnaposhuka mnapewa kipande cha chungwa. Mkichagua bahari, mnapewa kitu kilichotengenezwa kwa mwani, kama ule wanaoulima akina mama wa Zanzibar. Mkichagua anga, mnapewa jani la letusi, kwa sababu mwezi Agosti 2015 wanaanga wa kituo cha kimataifa cha anga walikula letusi iliyooteshwa kulekule juu. Wabunifu wa 1983 walichora familia zinazoishi angani. Kuwaonjesha watu jani kama la huko leo ni kuwapa heshima yao. Na anayewapa awe mtu, mwenye apron na salamu. Roboti zivune, kugawa kuachiwe watu.

Najua kuna atakayesema haiwezekani kukatia machungwa maelfu ya watu kila siku. Inawezekana. Kazini kwetu matunda yanapita kwenye mkanda asubuhi hadi jioni, makubwa yanakwenda kwenye boksi la nje ya nchi, madogo na yenye makovu yanabaki, na ukiyapasua ndani ni yaleyale. Hayo yanayobaki ndiyo ya kuonjesha. Nimechora mkanda mzima pembeni, na mgeni anaupita kwa macho akiwa bado kwenye kigari, aone chungwa lake linatoka wapi.

Kitu kingine nilichoongeza ni mto. Shamba la jangwani lazima linywe, na mimi mtu wa nyanda hizi siwezi kuchora shamba nikaficha maji. Ruaha Mkuu unapita bonde la Usangu, wanaulimia mpunga, unakwenda hifadhini, unafika Mtera na Kidatu kutuwashia taa. Tangu 1993 ndani ya hifadhi unakauka wakati wa kiangazi, viboko wanabanana kwenye madimbwi. Kwa hiyo kwenye mchoro wangu kigari kinavuka mto kabla ya shamba, na kinauvuka tena baada ya shamba, na maji bado yanakwenda. Babu anasema sentensi moja tu hapo, kwamba walio chini nao wanasubiri. Nimeifuta na kuiandika upya mara nyingi, na nimeiacha fupi. Shamba la kesho linalomaliza maji kabla hayajamfikia wa chini silitaki hata likiwa na roboti za dhahabu.

Bibi nimemvika kitenge. Sina maelezo ya kutoa kuhusu hilo.

Nimempigia picha mama kurasa zote, nikamtumia kwa simu ya kaka kwa sababu ya kwake haifungui picha. Amejibu kwa sauti, sekunde chache tu: anasema michungwa nimeipanda karibu karibu mno, haitapata hewa, niisogeze. Yuko sahihi. Kesho nitasogeza, na nitapunguza miti, mstari wa mbele ubaki mitano hivi, ili hata mtoto aliyekaa nafasi ya mwisho kwenye kigari aone tunda lililo mtini na si rangi ya chungwa inayokimbia.

Ninachokosa bado ni sehemu ya kushukia. Zamani mlikuwa mnashuka na kuondoka. Mimi nataka mabenchi, watu wakae wale, maana chungwa huwezi kulila huku unasukumwa kwenye duka la zawadi. Mwenye wazo aniambie, hasa ninyi wawili mliosoma ramani za majengo.

Niishie hapa kwa sababu mwanetu wa marehemu dada anakohoa tena chumba cha pili. Mnakumbuka amechaguliwa kidato cha tano Sumbawanga. Godoro limepatikana, ndoo na jembe vimepatikana, tranka fundi ameahidi Ijumaa. Fomu ya daktari bado ni tupu na wanaripoti Jumatatu, na mimi sijui kama daktari atamsainia akimsikia anavyokohoa hivi, wala sijui kama nataka amsainie.