Betri yangu ilivimba kama mandazi

Nilidhani ni tachipadi ya laptopu imeharibika. Ilikuwa imeanza kuinuka upande mmoja, ukibonyeza haibonyezeki, na mimi nikawa naigonga tu na ngumi kidogo kidogo nikiendelea na kazi. Siku nimepeleka kwa fundi tao akafungua screw za chini, akanyamaza, halafu akaniambia "mkubwa, hii usiichaji tena hata dakika moja." Kumbe betri imevimba hadi inasukuma tachipadi kutoka ndani, na mimi ndiyo hiyo nimekuwa nikiipiga ngumi!

Hiyo laptopu ni ex-UK, nilinunua Moi Avenue, na tangu siku hiyo nimeisomea hii mambo ya betri kuliko nilivyosomea mtihani wowote.

Kwanza, mzee wangu. Kila nikiwa na laptopu anasema imalize chaji kabisa mpaka izime ndio uchomeke, la sivyo betri "itazoea". Nimemfuata miaka yote. Sasa ukweli ni kwamba mzee hakuwa anadanganya, yeye anaongea kuhusu betri za nikeli na kadimiamu, zile za zamani, hizo kweli zilikuwa na hiyo tabia ya kukumbuka. Zikaja za nikeli na haidraidi, zikapunguza hiyo shida, halafu 1991 Sony wakaanza kuuza za lithiamu ayoni na hapo mchezo ukabadilika wote. Mmoja wa wale watatu waliopewa Nobel ya kemia 2019 kwa sababu ya hizi betri, John Goodenough, alikuwa na miaka 97, wewe na thelathini zako unasema umechelewa maisha. Anyway, lithiamu haitaki kumalizwa hadi sifuri. Ikishuka sana na ukaiacha hivyo miezi, ile chipu ya ndani inaweza kukataa kabisa kuichaji.

Laptopu za siku hizi karibu zote ni lithiamu, tofauti kubwa ni umbo. Zile nene za kuchomoa nyuma huwa na seli (betri ndogo ndogo za ndani) za mviringo, nyingi zinaitwa 18650, yaani milimita 18 upana na 65 urefu, kopo la chuma. Laptopu nyembamba zina pochi bapa, watu wanaziita polima, lakini ndani ni lithiamu ile ile. Pochi haina kopo la kuibana kwa hivyo gesi ikijaa inafura, ndio yangu ilifanya vile. Ikifura usiitoboe na usiikandamize, inaweza kushika moto.

Sasa kununua. Hapa ndio wanatumaliza. Muuzaji anakwambia "hii ni six cell, 4400, chukua hii boss." Hiyo 4400 ni mAh (miliampia-saa) na peke yake haikuambii kitu. Zidisha na volti, halafu gawa kwa elfu. 4400 kwa volti 11.1 ni kama wati-saa 49, na ile nyingine ya 3200 umeidharau, kwa volti 14.8, ni kama 47, yaani karibu sawa tu! Kwa hivyo angalia Wh, yaani hizo wati-saa, kwa lebo. Volti nayo lazima ilingane na ya betri yako ya zamani, 10.8 na 11.1 usiogope, hizo ni seli tatu mfululizo zote mbili, lakini yako ikiwa ni 11.1 na unapewa 14.8 hizo ni seli nne, rudisha. Na ukiona mtu anauza 18650 moja imeandikwa 9900 mAh jua ni uongo mtupu, nyingi ya zile nzuri zinafika kama 3500.

Betri pia inazeeka ikiwa imekaa tu kwa shelfu, kwa hivyo "mpya" si mpya. Mimi nilikataa kulipa kabla hatujaiweka, tukaandika powercfg /batteryreport kwa ile dirisha jeusi la Windows (Command Prompt), inakupa ripoti ya uwezo wa kiwandani na uwezo wa saa hii. Ya zamani ilikuwa 50,000 mWh (elfu moja ni Wh moja) na imebaki 19,000. Hii mpya 48,000 kwa 46,500, nikatoa pesa.

Kosa langu lingine ni kuiacha imechomekwa usiku na mchana ikiwa mia kwa mia, juu ya kitanda, joto tupu, eti naogopa stima ikipotea. Hiyo mia na joto ndiyo inaua. Saa hii nimeseti chaji isimame ikifika asilimia 80, laptopu nyingi za ofisi zina hiyo settingi, na stima ikipotea bado nina masaa matatu hivi.

Mzee alinitembelea Jumapili, akaona nimechomeka chaja betri ikiwa 43. Akatingisha kichwa, akauliza chai iko wapi.