Jedwali la Iowa na New Hampshire: nilipofikia

Kwa ambao hawakuona niliyoandika mwanzo: nakusanya matokeo ya majimbo mawili ambayo kwa miaka mingi ndiyo yamefungua mchujo wa urais Marekani, Iowa na New Hampshire, kuanzia 1972. Nataka kuona waliotamba huko waliishia wapi. Hakuna anayenilipa, ni hamu yangu tu ya namba na siasa.

Iowa imekamilika

Swali la kwanza lilikuwa jepesi: je, anayeongoza Iowa huwa rais? Tangu 1976, mara tisa urais umechukuliwa na mtu ambaye hakuwa ameukalia kiti wakati wa uchaguzi. Kati ya ushindi huo tisa, ni mara nne tu mshindi alikuwa amewatangulia wagombea wenzake wa chama huko Iowa: Carter 1976, Bush mdogo 2000, Obama 2008 na Trump 2024. Na hata huyo Carter ana walakini, maana asilimia 28 zake zilizidiwa na 37 za watu waliosema hawajamchagua yeyote bado.

Waliobaki wanachekesha kidogo. Reagan alishindwa na Bush mkubwa 1980. Bush mkubwa naye 1988 akawa wa tatu, nyuma ya Bob Dole na mhubiri wa televisheni Pat Robertson. Bill Clinton aliambulia kama asilimia 3 mwaka 1992, kwa kuwa Tom Harkin, seneta wa hapo hapo Iowa, alikuwa anagombea na wenzake wakamwachia uwanja wa kwao. Trump wa 2016 alitanguliwa na Ted Cruz. Biden 2020, wa nne.

Obama nimempa rangi yake. Iowa ilipiga kura tarehe 3 Januari 2008, na sisi Kenya siku hizo tulikuwa na uchaguzi wetu unaotuunguza. Matokeo yale niliyasoma vizuri baadaye sana.

New Hampshire, na safu iliyonishtua

Huku mambo ni tofauti. Kuanzia 1972 hadi 2016, kila aliyepata tiketi ya Democratic au Republican alimaliza wa kwanza au wa pili New Hampshire. Kila mmoja! Nimepitia mstari kwa mstari nikitafuta wa kuvunja utaratibu, sikumpata. Mondale 1984, Clinton 1992, Dole 1996, Bush 2000, Obama 2008, Hillary Clinton 2016: wote walikuwa wa pili, wote wakapeperusha bendera ya chama. Halafu anakuja Biden 2020, wa tano kwa asilimia 8 na ushei, bila kuvuna hata mmoja wa wajumbe wanaomchagua mgombea kwenye mkutano mkuu wa chama. Usiku ule ule alikuwa ameshapanda ndege kwenda South Carolina.

Sasa, nguvu hiyo inatoka wapi? Si kwa wajumbe. Mwaka 2020 Iowa ilikuwa na wajumbe 41 wa Democratic na New Hampshire 24, kati ya 3,979 waliokuwa wakigombewa nchi nzima. Hata asilimia mbili haifiki. Nadhani yanachotoa majimbo haya ni habari: anayetajwa vizuri kwenye vyombo vya habari hupata wachangiaji, na asiyetajwa hufungiwa mkoba.

Kisanduku cha Iowa 2012, upande wa Republican, kinanipa ushahidi mzuri kuliko vyote. Usiku wa kura, Mitt Romney alitangazwa kuongoza kwa kura 8. Magazeti yakaandika Romney ameshinda, akaenda New Hampshire kama mshindi na kushinda tena. Zaidi ya wiki mbili baada ya kura, hesabu iliyothibitishwa ikaonyesha kuwa Rick Santorum ndiye aliyeongoza, kwa kura 34, huku matokeo ya vituo vinane yakiwa hayapatikani kabisa. Santorum alipewa ushindi wake wakati karamu imeshakwisha. Kwenye jedwali nimeandika jina lake, lakini safu ya «aliyefaidika» inasomeka Romney.

2020 inafanana. Programu ya simu ya kuripotia matokeo iligoma, na usiku wa Iowa ukaisha bila mshindi. Pete Buttigieg, meya wa zamani wa South Bend, alikuja kuonekana ametangulia kwa uzi mwembamba, lakini ule usiku wa kuhutubia taifa kama mshindi asiye na mpinzani haukurudi.

Safu mpya: matarajio

Kwa hiyo nimeongeza safu ya kile watu walichotegemea kabla ya kura. Nimeacha namba, natumia maneno matatu tu: chini, sawa, juu. Edmund Muskie wa 1972 ndiye aliyenilazimisha. Alishinda New Hampshire kwa asilimia 46 dhidi ya 37 za George McGovern, akahesabiwa kama aliyepigwa, kwa kuwa yeye ni seneta wa Maine, jimbo jirani, na watu walitegemea apite nusu. McGovern ndiye aliyepata tiketi (kisha Nixon akamfagia majimbo 49). Clinton 1992 ni kinyume chake: alikuwa amezungukwa na kashfa, akapata asilimia 25 dhidi ya 33 za Paul Tsongas, akapanda jukwaani kusherehekea nafasi ya pili kana kwamba ni ya kwanza. Ikamfaa.

Ningependa kumwingiza Lyndon Johnson wa 1968 pia, ingawa yuko nje ya mipaka yangu. Jina lake halikuwa hata kwenye karatasi, wafuasi wakaliandika kwa mkono, akapata 49 dhidi ya 42 za Eugene McCarthy. Kabla mwezi haujaisha akatangaza hagombei tena.

Kinachofuata

Safu ya tarehe za kujitoa. Nimeanza na 2020 kwa sababu ndiyo inayoeleza Biden alivyopona. South Carolina, ambako Weusi ni sehemu kubwa ya wapiga kura wa Democratic tofauti kabisa na Iowa na New Hampshire, ilimpa karibu nusu ya kura tarehe 29 Februari. Buttigieg akajitoa tarehe 1 Machi, Amy Klobuchar tarehe 2, wote wakamuunga mkono, na Jumanne Kuu, siku ambayo majimbo mengi hupiga kura kwa pamoja, tarehe 3 Biden akachukua majimbo 10 kati ya 14. Upande wa Republican nitaanza na Ron DeSantis: wa pili Iowa 2024 kwa asilimia 21, akaondoka siku mbili kabla ya New Hampshire kupiga kura. Sijaamua nimwekee nini New Hampshire, sifuri au kisanduku kitupu.