Keki ya Chenga za Mahindi, Korosho na Embe

Miezi ya mwisho wa mwaka huku Mtwara huleta vitu viwili kwa pamoja ambavyo ni vigumu kuvipita sokoni bila kufungua pochi: korosho mpya na maembe. Minada ya korosho inapoanza mwezi wa Oktoba, maembe nayo huwa yamekwisha kujaa mitini, na kufikia Desemba hakuna nyumba ya jirani utakayoingia usikaribishwe kipande. Huo ndio msimu ninaooka keki ambayo asili yake ni kaskazini mwa Italia, keki ya polenta, ambayo badala ya unga wa ngano hutumia mahindi yaliyosagwa kwa chenga, pamoja na unga wa lozi, maji ya malimau na matunda mabichi. Watu wengi huiona kuwa ni keki ya hotelini, ya kuagiziwa vitu vya pakiti kutoka Dar es Salaam. Mimi naona kinyume chake, kwamba karibu kila kinachohitajika kinapatikana katika mikoa yetu hii miwili ya kusini, Mtwara na Lindi, na kwamba ugumu wake uko katika usagaji wa mahindi na katika kujua ndimu iingie wakati gani.

Polenta yenyewe si kitu kigeni kwa mla ugali. Wenyeji wa Lombardia na Veneto, huko kaskazini mwa Italia, huchemsha maji, hutia chumvi, humimina unga kidogo kidogo na kusonga kwa mwiko mpaka ushikane, kisha huula kwa mboga au nyama. Mahindi hayakuwa yao hapo awali, kama ambavyo hayakuwa yetu: yalitoka bara la Amerika baada ya safari za Kolombo zilizoanza mwaka 1492, yakavuka bahari na kuenea. Tofauti iliyopo ni kwamba wao hutumia zaidi mahindi ya manjano, nasi twapenda meupe, hivyo keki yangu hutoka na rangi iliyofifia kidogo kuliko ya kwao. Sioni kuwa hilo ni kasoro, kwa sababu mayai ya kuku wa kienyeji, yenye kiini cha rangi iliyokolea, hurudisha sehemu kubwa ya manjano hayo.

Unga ndio wenye neno la mwisho katika keki hii, na sembe laini ya mfuko haifai. Chembe zake ni ndogo mno, hufyonza siagi na mayai kwa haraka, na keki hutoka nzito, yenye kunata kwenye meno. Dona ina ladha nzuri zaidi, lakini ndani yake kimo kiini cha mahindi chenye mafuta, na mafuta hayo huchacha upesi kwa joto la pwani. Dona iliyokaa dukani kwa muda mrefu huacha uchungu ulimini ambao hata sukari haiufichi. Kwa hiyo hununua mahindi makavu, nikayapeleka yakakobolewe, kisha nikamwomba kijana wa mashine ayapaaze tu, asiyasage. Swali lake huwa ni lile lile: "Mama, hizi ni za vifaranga?" Nikimjibu kwamba ni za keki, huwaita wenzake waje wasikie. Simlaumu, kwani mahindi yaliyopaazwa mtaani kwetu huishia kwenye banda la kuku, na mteja anayeyataka kwa ajili ya mezani ni mimi peke yangu.

Nikifika nyumbani huyachekecha. Chenga ninazozitaka ni zile zinazopita kwenye chekecheke, lakini ukizisugua kati ya kidole gumba na cha shahada unazisikia kama mchanga wa ufukweni. Zile kubwa zinazobaki juu huzirudisha kwa kuku, ili kijana wa mashine naye awe amesema kweli. Chenga hizi zina jambo moja la kuangalia: zikiingia kavu katika mchanganyiko wenye sukari nyingi hazilainiki vizuri, kwa kuwa sukari huyashika maji na kuichelewesha wanga kuyanywa na kuvimba, na mlaji hubaki akitafuna punje. Dawa yake ni kuziroweka kwanza, kwa nusu saa au zaidi, katika tui zito la nazi lililo vuguvugu. Katika mapishi ya Kiitaliano niliyoyasoma sijaona tui, lakini mtu anayeishi Mikindani akiacha kulitumia tui mahali linapofaa atakuwa anajinyima bure.

Baada ya mahindi ni korosho. Waitaliano hutumia lozi, na lozi kwetu ni ghali na hufika zikiwa zimekwisha kuzeeka, ilhali korosho zinatoka Newala, Tandahimba na Masasi, na mtu aliyepanda basi kupitia Mnazi Mmoja, pale njia zinapogawanyika kwenda Lindi, Mtwara na Masasi, anajua zinavyosogezwa madirishani. Kwa keki usinunue zile nzima nyeupe zinazopangwa kwa ajili ya wageni; nunua vipande, ambavyo bei yake ni nafuu na ambavyo vingepondwa hata hivyo. Ziwe hazijakaangwa na hazijatiwa chumvi. Wala usijaribu kubangua korosho ghafi jikoni kwako kwa kuwa tu umepewa mfuko na shangazi wa shambani: ganda lake lina mafuta makali yanayobabua ngozi, na moshi wake nao si wa kuvuta ndani ya nyumba. Kazi hiyo waachie wanaoijua na wanaoifanyia uwanjani.

Kuzisaga kunataka mkono mwepesi. Mimi hutumia kinu kidogo cha mbao, na ninapotwanga huchanganya korosho na sehemu ya sukari ya keki, kwa sababu sukari hutenganisha vipande na kuyapokea mafuta yanapoanza kutoka. Ukipitiliza, unga hugeuka kuwa rojo, na rojo hilo ni tamu kwa mkate lakini haliwezi kubeba keki. Acha chembe kubwa kubwa kidogo zibaki. Inafaa pia kujua kwamba korosho haina tabia ile ile ya lozi: ina mafuta pungufu kidogo na wanga zaidi, hivyo keki yake hutoka laini na yenye utamu uliotulia, na kwa sababu hiyo nimepunguza sukari chini ya ile inayoandikwa kwa keki za lozi. Anayeifuata kanuni ya lozi neno kwa neno atapata kitu kitamu kupita kiasi.

Sasa ndimu. Ladha ya ndimu iko mahali pawili, kwenye ganda na kwenye maji, na mahali hapo pawili hapafanyi kazi moja. Mafuta ya harufu yamo katika ngozi ya nje tu, ile ya kijani. Nyeupe iliyo chini yake ni chungu. Kwa hiyo huosha ndimu na chungwa, hukausha, na hukwangua ngozi hiyo kwa kifaa cha kukwangulia karoti, upande wenye meno madogo, nikigeuza tunda kila ninapoona weupe unachungulia. Makapi hayo huyasugua kwa vidole ndani ya sukari mpaka sukari iloe na ibadilike rangi, na hapo jiko zima hunukia. Hutumia chungwa bila kujali kwamba ganda lake ni la kijani, kwa kuwa machungwa ya joto la pwani huiva ndani huku nje yakibaki na ukijani wake. Baridi ya usiku ndiyo huyafanya ya nchi nyingine yageuke rangi, nasi baridi hiyo hatuna.

Maji ya ndimu ni habari nyingine, na hapo ndipo keki nyingi za namna hii zinapoharibikia. Beking pauda ina tindikali yake iliyopimwa tayari, na ukiongeza maji ya ndimu mengi kwenye mchanganyiko, sehemu ya hewa hutoka kabla chombo hakijafika motoni. Mahindi na korosho havina gluteni, ule mnato wa unga wa ngano, ya kuishikilia hewa hiyo, hivyo keki haina cha kuegemea zaidi ya mayai, na hushuka katikati. Ganda liingie kwenye keki. Maji yasubiri shira.

Vipimo vyangu ni hivi: chenga za mahindi gramu 120 zilizorowekwa katika tui mililita 120, korosho zilizotwangwa gramu 180, siagi gramu 150, sukari gramu 150, mayai 3, beking pauda kijiko kimoja na nusu cha chai, chumvi kidogo, ganda la ndimu 3 na la chungwa 1. Siagi iliyolainika na sukari iliyobaki baada ya kutwangia korosho hupigwa mpaka rangi ipauke, kisha mayai huingia moja moja, kila moja likifuatiwa na kijiko cha korosho ili mchanganyiko usikatike. Baadaye huingia korosho zilizosalia zilizochanganywa na beking pauda, halafu mahindi na tui lake lote. Mchanganyiko utaonekana mwepesi, wa kumiminika polepole, na mwenye kuzoea keki ya ngano atashawishika kuongeza unga. Asiongeze.

Embe ninalolipenda kwa kazi hii ni dodo lililoiva lakini bado gumu kiasi, linalokatika vipande vyenye kona. Embe lenye nyuzi nyingi hubaki katikati ya meno, na lile lililoiva mpaka kulegea hutoa maji na kuifanya keki iwe mbichi chini. Nakata vipande vyembamba, navikausha kwa kitambaa safi, kisha navipanga juu ya mchanganyiko bila kuvikandamiza. Vitazama vyenyewe kidogo keki inapoumuka. Nanasi linafaa pia, ila likatwe mapema na liachwe lichuje. Papai silipendi katika keki hii, kwa kuwa likipata moto hupoteza lile dogo la uchachu lililokuwa nalo, na ladha yake huzama kabisa kwenye korosho.

Kwa mwenye oveni, nyuzi joto 170 kwa muda wa dakika 50 hadi 60 zinatosha, katika chombo cha sentimita 22 kilichopakwa siagi na kutandikwa karatasi. Wageni hudhani kwamba sisi wa Mtwara, kwa kuwa gesi ya Mnazi Bay iko chini ya pua zetu, tunapikia hiyo. Ukweli ni kwamba gesi hiyo husafiri kwa bomba na ya kwenye mitungi yetu ni ya aina nyingine, inayonunuliwa kwa bei inayomfanya mtu afikiri mara mbili kabla ya kuoka saa nzima. Ndiyo maana mara nyingi huoka kwa mkaa, kwa njia ile ile ambayo mama zetu walioka mkate wa kumimina. Sufuria kubwa huwekewa mchanga mkavu chini, chombo cha keki hukaa juu ya mchanga huo, mfuniko wa bati huwekwa na makaa hupaliwa juu yake. Moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini, kwa sababu mchanga huhifadhi joto. Usifunue kabla ya dakika 40. Baada ya hapo choma katikati kwa kijiti cha mshikaki: kikitoka na chembe chache zilizoloa, toa, ukingoja kitoke kikavu kabisa umechelewa, kwa kuwa keki ya mahindi huendelea kukauka ikiwa nje.

Shira huchemshwa keki ikiwa motoni: maji ya ndimu 3 na ya chungwa 1, sukari gramu 70, mpaka sukari iyeyuke na ichemke dakika mbili. Keki ikitoka hutobolewa matundu kwa kijiti kile kile, na shira ikiwa ya moto humiminwa kijiko kwa kijiko, ikipewa nafasi ya kunywewa kabla ya kijiko kinachofuata. Hapo uchachu wote wa ndimu unaingia bila kuigusa beking pauda, ambayo kazi yake imekwisha. Keki isitolewe kwenye chombo ikiwa na joto, kwani haina gluteni na itavunjika mikononi. Iachwe mpaka ipoe kabisa, na kama wenye nyumba wana subira, ilale mpaka kesho. Siku ya pili chenga zinakuwa zimekwisha kuinywa shira, na kisu hupita bila kubomoa. Funika vizuri, na kwa sababu ya sisimizi weka sahani ndani ya beseni lenye maji kidogo.

Mtu ataniuliza kuhusu mabibo, ambayo msimu huo huo huanguka chini ya mikorosho na kuoza kwa wingi. Yanawezekana, lakini hayafai yakiwa mabichi, kwa kuwa ukakasi wake hukausha mdomo na moto wa keki hautoshi kuuondoa. Mimi huyakamua, nikachukua nyama iliyobaki, nikaipika kwa sukari na ndimu juu ya moto mdogo mpaka ikolee na iwe ya rangi ya kahawia, kisha nikaitandaza juu ya keki mahali pa embe. Yaokotwe asubuhi na yapikwe siku hiyo hiyo. Ya jana huwa yamekwisha kuanza kuchachuka.