Kutafuta risasi isiyo na risasi: kumbukumbu ya mradi wangu

20 Januari 2024, Boise, Idaho

Bunduki imeingia nyumbani leo. Ni ya bolti, yaani komeo unalolivuta kwa mkono kila unapopiga, mtutu wa inchi 22, inakula risasi ya .17 HMR. Risasi hiyo ilitoka mwaka 2002, Hornady walipochukua ganda la .22 Magnum la mwaka 1959 na kulibana shingo mpaka likashika kichwa, kile kipande kinachoruka, chenye upana wa milimita 4.4 tu. Naanza kuandika kwa sababu najua Waswahili tunaofanya kazi mashambani huku si wachache, na kuna mambo ningefurahi kuambiwa mapema kwa lugha yangu.

Kazi yenyewe ni hii. Kuna mzee ninayemsaidia kumwagilia shamba karibu na Kuna, kusini mwa Boise. Analima alfalfa, yale majani ambayo wafugaji wa nyumbani huyaita lusini. Kindi wa ardhini wanammaliza. Si kindi wa mtini. Huyu anachimba, na akisimama wima mlangoni mwa shimo lake anafikia urefu wa chupa ya soda. Wenyeji wamempa jina lenye maana ya nguruwe apigaye mluzi, kwa sababu ya sauti wanayoonyana nayo. Wanaibuka kati ya mwisho wa Januari na Februari, wanazaa, wanakula wakanenepa, na Julai ikiingia karibu wote wameshashuka chini kulala hadi mwaka unaofuata. Nina miezi mitano.

Mama alikuwa sebuleni nilipoingia na lile boksi refu. Yeye alitoka Fizi, Kongo, kwa miguu mwaka 1996, mimi nikiwa mgongoni, na nimekulia kambini Nyarugusu, Tanzania. Kwetu bunduki haikuwahi kuwa chombo cha shamba.

"Baba, hiyo kitu itakaa wapi?"

Nikamwonyesha kabati la chuma nililolikaza ukutani kwa skrubu, na sanduku la risasi lililo mbali nalo, kila kimoja na ufunguo wake.

"Ni ya kuua nini?"

"Kindi, mama."

"Mnawala?"

Nikamwambia hapana, viroboto wao wanaweza kubeba tauni, hatuwashiki kwa mikono mitupu. Akanyamaza, akakunja kitenge chake magotini, akauliza tena: "Sasa nani anamla?"

Nikajibu harakaharaka: ndege.

28 Januari

Kabla sijafika kwenye risasi, neno kwa wanaotaka kuanza. Mimi nina ukaazi wa kudumu, kwa hiyo nilijaza fomu ya serikali dukani, wakakagua rekodi yangu, basi. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo, sheria ya shirikisho inamkataza kumiliki bunduki na hata risasi, isipokuwa awe ndani ya misamaha michache, mmojawapo ukiwa leseni halali ya uwindaji. Usidanganywe na rafiki kwamba kuazima tu si kosa. Hapa Idaho, kupiga hata kindi asiyelindwa kunahitaji leseni, na aliyezaliwa 1 Januari 1975 au baada yake lazima apitie mafunzo ya uwindaji kwanza. Na ujue kindi wako. Yule wa kaskazini, wa wilaya za Adams na Valley, analindwa na sheria ya shirikisho tangu mwaka 2000.

Kwa nini .17? Nilifikiria .22 ya kawaida, ile ya tangu 1887. Ni rahisi na haina kelele, lakini kichwa chake cha greni 40 (greni ni kipimo cha uzito) kinakwenda polepole na kigumu kuvunjika; kikigonga jiwe kinadunda na kuondoka kikilia, na pembeni ya shamba kuna nyumba. .223, risasi ya bunduki kubwa zaidi, nayo ina nguvu kupita kazi: mlio wake ungewaamsha majirani wote, na risasi iliyokosa inakwenda mbali mno. .17 HMR ina kichwa cha greni 17. Greni 7,000 ndizo ratili moja, kwa hiyo hicho ni gramu moja na kidogo. Risasi ya kalashnikovu, ile tuliyoijua, ina greni 123 hivi, mara saba ya hii. Lakini hiki kidogo kinatoka mtutuni kwa futi 2,550 kwa sekunde, yaani mita 777, na kikigusa kitu kinapasuka vipandevipande badala ya kudunda. Hilo ndilo lililonivuta. Hata hivyo sipigi bila kuona udongo nyuma ya kindi, na sipigi kamwe kuelekea mfereji wa maji, maana kingo zake ni zege.

10 Februari

Uwanja wa shabaha, yadi 100, asubuhi bila upepo. Nimebeba maboksi matatu, yote yenye kiini cha madini ya risasi. Kila boksi nimepiga makundi matano ya risasi tano, nikapima kwa kalipa, chombo cha kupimia umbali mdogo, kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu lililo mbali zaidi.

Greni 17 yenye ncha ya plastiki: wastani sentimita 2.4. Greni 20 yenye tundu kichwani, ambayo ni nzito na ya polepole zaidi, futi 2,375: sentimita 3.6. Greni 17 ya kampuni nyingine: 3.1.

Boksi hilo la tatu lilinipa somo jingine. Risasi ya kumi na moja ilisikika kavu, tofauti na nyenzake, na tundu lake likaenda vidole viwili kushoto. Nilipofungua bolti, ganda lilitoka na ufa shingoni, mwembamba kama unywele, pembeni pake masizi meusi yaliyokimbilia nyuma. Nikachambua maganda yote: manne kati ya 25 yalikuwa na ufa. Tangu leo kila ganda naliangalia kabla ya kulitupa ndooni, na miwani haitoki usoni.

Wanaotoka kwenye risasi kubwa wanapaswa kulijua hili: fataki ya .17 HMR, kile kilipuzi kinachowasha baruti, haikai katikati ya kitako cha ganda, imepakwa ndani ya ukingo wake. Ukishapiga, ganda limekufa, halijazwi tena. Huwezi kujitengenezea risasi inayopendwa na mtutu wako. Unaweza tu kuitafuta dukani. Na ukiipata, angalia namba ya toleo iliyochapwa kwenye boksi, maana kampuni ileile, jina lilelile, toleo tofauti, linaweza kutoboa karatasi tofauti kabisa.

2 Machi

Siku ya kwanza shambani, na ile ya sentimita 2.4. Nimelala juu ya turubai pembeni ya barabara ya matrekta, bunduki juu ya mfuko wa mchanga. Nimepiga kindi tisa. Hakuna aliyetambaa, na kwangu hilo ni sharti.

Nilikuwa bado nimelala pale kipanga mwenye mkia mwekundu aliposhuka. Hakuogopa chochote. Alitua yadi 60 mbele yangu, akamkanyaga kindi wa tatu, akaanza kuchana. Kwa darubini niliona mpaka manyoya ya shingo yakipanda na kushuka kila alipomeza. Alikula mahali palepale risasi ilipopita, pakiwa wazi tayari.

Alipoondoka nilivaa glavu nikaenda kumwangalia kindi aliyekuwa karibu naye. Nikampasua kwa kisu. Ndani, pamoja na vipande vya shaba ya ganda la kichwa, kulikuwa na chembe za kijivu zinazong'aa, nyingine ndogo kuliko punje ya chumvi, zimetapakaa mpaka kwenye paja. Nikakisugua kisu juu ya chembe moja, ikalala bapa kama siagi.

Lugha yetu imeviita vyote viwili jina moja: risasi ndiyo ile inayotoka mtutuni, na risasi ndiyo madini yale. Nilikuwa nimelitumia neno hilo maisha yangu yote bila kulisikia.

Nimechimba shimo nikawafukia waliobaki. Mama aliuliza nani anamla, na mimi nilijibu ndege kana kwamba ndege ni jalala.

9 Machi

Wiki hii nimesoma sana. Asidi ya tumbo la ndege mla nyama inayayeyusha madini ya risasi, yanaingia kwenye damu, yanashambulia mishipa ya fahamu. Tai aliyeathirika sana anaweza kushindwa kusimama, kucha zake zikabaki zimekunjika. California ilipiga marufuku risasi zenye madini hayo katika uwindaji wote kuanzia 1 Julai 2019, safari iliyoanzia kwenye kumlinda kondori, ndege mkubwa mla mizoga. Idaho haikulazimishi. Lakini kutoka shamba la mzee mpaka korongo la mto Snake ni mwendo mfupi wa gari, na korongo hilo limehifadhiwa kwa sheria ya Bunge la Marekani tangu 1993 kwa sababu moja: mamia ya jozi za kozi, vipanga na tai huatamia kwenye majabali yake, na kindi huyuhuyu ndiye chakula wanacholishia makinda. Makinda hutoka mayai wakati uleule mimi nalala juu ya turubai.

Nimeagiza maboksi mawili yasiyo na madini ya risasi: greni 15.5, futi 2,525, na greni 16, futi 2,500. Nimelipa dola 5 zaidi kwa boksi la risasi 50 kuliko nilivyozoea.

23 Machi

Matokeo mabaya. Greni 15.5: sentimita 5.2. Greni 16: sentimita 4.1. Kindi ana upana wa sentimita 5 au 6. Kwa kundi la sentimita 5 ningekuwa nawajeruhi, na kumjeruhi mnyama ili kumwokoa ndege siwezi kukuita wema.

Nilikaa kwenye benchi nikiyatazama yale makaratasi. Mtu wa benchi la pili, mzee wa makamo ambaye sikumjua, akaniuliza nimesafisha mtutu lini. Sijausafisha tangu niununue. Akasema mtutu wa .17 ni mwembamba mno hata uchafu kidogo unaonekana, na ukibadilisha aina ya kichwa, unauacha ukiwa umepakwa mabaki ya kile cha zamani. Uoshe, kisha upige cha kipya mpaka utulie. Usihukumu risasi kumi za mwanzo.

30 Machi

Fimbo ya kusafishia .17 ni nyembamba kama spoku ya baiskeli na inapinda upesi, kwa hiyo nimeisukuma kwa vidole viwili, taratibu, kutoka nyuma kwenda mbele. Vitambaa vya kwanza vilitoka vyeusi, vilivyofuata vikawa na rangi ya kijanibluu, dalili ya shaba. Kitambaa cha kumi na nne kilitoka cheupe.

6 Aprili

Nimepiga 15 za kuuzoesha mtutu, kisha makundi matano ya greni 15.5. Sentimita 3.3, 2.9, 2.6, 2.4, 2.5. Wastani 2.7! Niliyapanga makaratasi juu ya benchi kwa zamu yake nikayapiga picha. Ile greni 16 imegoma, 3.9, haijaupenda mtutu wangu, ingawa inaweza kuupenda wako.

Kilichobaki ni upepo. Ile ya greni 17, upepo wa maili 10 kwa saa ukija ubavuni, inasukumwa inchi 3 hivi kwenye yadi 100. Hii nyepesi inasukumwa zaidi kidogo, na kusini mwa Boise upepo wa mchana wa Aprili hauna adabu. Halafu kuna kushuka: ukiiweka .17 HMR sawa kwenye yadi 100, kwenye 200 greni 17 imeshuka inchi 8 na nusu. Najua watu hupiga mbali hivyo na kushangilia. Mimi nimejiwekea yadi 110, na saa nne asubuhi naondoka.

Nimerudi dukani nikanunua maboksi manane yaliyobaki ya toleo lilelile. Muuzaji alinisaidia kusoma namba kwa tochi ya simu.

20 Aprili

Shambani tangu saa kumi na mbili na nusu. Baridi, majani yana umande, vidole vimekufa ganzi. Risasi 14, kindi 12. Mbili nilikosa moja kwa moja, zikachimba udongo, hakuna aliyejeruhiwa. Vichwa hivi vinavunjika sawa na vile vya zamani. Mzee alikuja na kahawa, nikamweleza kwa nini safari hii sichimbi shimo. Akaliangalia boksi, akauliza bei, akasema maboksi mawili yanayofuata yatakuwa juu yake.

Saa mbili kasoro alishuka kipanga, labda yuleyule. Akafuata wa pili, mdogo kidogo. Wa kwanza hakula. Alimfunga kindi kwenye kucha, akapiga mbawa kwa uzito, akaelekea upande wa korongo. Huko kuna makinda.

Usiku mama alikuwa anachambua maharage mezani. Hakuinua macho. "Leo nani kala?"

"Vipanga wawili, mama. Na kunguru."

Akasogeza sinia ili nipate nafasi ya kukaa, nikaanza kuchambua naye.